Mwenzangu anaimbisha silabi, mimi nafundisha sauti, na watoto ni wale wale

Shikamoo Mwalimu,

Nimekuwa nikisoma barua za walimu wenzangu kwenye safu hii na kujiambia mimi sitafika huko. Nimefika.

Ninafundisha shule ya msingi ya serikali nje kidogo ya mji wa Tanga, njia ya kwenda Horohoro. Niliajiriwa mwaka 2021, na huu ni mwaka wangu wa pili na darasa la kwanza. Watoto wapo 136, mikondo miwili, 68 kila mkondo. Zamani kila mwalimu alikuwa na mkondo wake. Mwaka huu mwalimu mkuu alibadilisha: mimi nifundishe Kusoma mikondo yote, mwenzangu afundishe Kuandika mikondo yote. Hapo ndipo matatizo yalipoanzia.

Mwenzangu ana miaka 57. Mtaani wanamwita Bi Mwalimu kwa sababu amewafundisha baba na mama za hawa watoto. Mimi namwita mama. Nilipofika alinitafutia chumba kwa mdogo wake, na mwezi wa kwanza kabla jina langu halijaingia kwenye mshahara nilikula kwake. Nayasema haya ili ujue kwamba simchukii.

Yeye anafundisha kama nilivyofundishwa mimi nilipokuwa mdogo. Anaandika ubaoni ba be bi bo bu, da de di do du, anashika fimbo ya kuonyeshea, watoto wanaitikia mpaka sauti inafika barabarani. Mtoto akikosea anaigonga ile fimbo mezani, darasa zima linashtuka. Kumpiga mtoto sijamwona. Wakishaimba wanatoa madaftari na kuiga. Sikufichi, mwandiko wao ni mzuri.

Mimi chuoni nilifundishwa, na kwenye mafunzo kazini nikakumbushwa, kwamba mtoto aanze na sauti za herufi, aziunganishe apate silabi, aunganishe silabi apate neno. Nina kadi nilizozikata kwenye maboksi ya sabuni. Watoto wangu wanakaa makundi, wananyoosha mmmm, ssss, wanapanga kadi na kusoma walichokipanga.

Kuna mtoto mmoja mkondo B, anakaa dawati la mwisho karibu na dirisha. Kwa kuimba hana mpinzani. Siku moja nilimwonyesha kadi yenye "bo" peke yake. Akanyamaza. Kisha nikaona midomo inacheza taratibu: ba, be, bi... halafu akapaza, "Bo!" Alilazimika kuanza mwanzo wa wimbo ndipo afike. Niliumia, Mwalimu. Nilikwenda kumweleza mama. Akanijibu, "Wazazi wake wote wawili walianza hivyo hivyo, na baba yake leo ni fundi umeme."

Basi mambo yakazidi. Akawa anawaambia watoto, "Hayo ya kunguruma mwachieni mwalimu wenu mwingine." Wiki tatu zilizopita niliingia B baada ya kipindi chake, nikakuta ubao umejaa silabi, nikafuta na kuwaambia watoto leo tunasoma kwa njia mpya. Kumbe alikuwa amerudi kuchukua miwani yake. Tangu hapo hanisemeshi, salamu anaitikia kwa kichwa. Kwenye kikao cha wazazi baba mmoja akasimama: "Mwanangu akirudi nyumbani ananguruma tu, mmm, mmm. Shule hii inafundisha nini?" Watu wakacheka. Mama alikuwa ameinamia mkoba wake, hakusema neno la kunitetea. Nilirudi nyumbani nikalia.

Sasa hata chai ya saa nne tunakunywa makundi mawili, vijana huku na wakongwe kule. Mwalimu mkuu nilimwendea, akasema, "Nyie ni watu wazima, elewaneni." Mthibiti Ubora wa Shule anatarajiwa mwezi ujao. Wenzangu wananishauri nihakikishe anaingia kwenye kipindi cha mama, ili aambiwe na wakubwa. Mwingine ananiambia niombe uhamisho. Mtaala uko upande wangu, na watoto wanapotea. Nifanyeje?

Mwalimu wa la kwanza, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Nianze na dasta. Umeipitisha kwa sentensi moja, katikati ya malalamiko mengine, na mimi nimeona barua yako yote imekaa hapo. Kufuta ubao wa mwalimu aliyetangulia si kosa. Kila siku tunafuta, maana ubao ni mmoja. Kosa ni ile "njia mpya". Umewaambia watoto wa miaka sita na saba kwamba kilichoandikwa na Bi Mwalimu dakika kumi zilizopita ni cha kizamani, na mwenyewe yuko mlangoni anatafuta miwani. Hakukujibu. Hakukugombeza mbele yao. Angeweza, na kwa umri wake watu wangemwona ana haki, lakini aligeuka akaondoka. Unaposema kwenye kikao hakukutetea, kumbuka yeye alikuwa bado amesimama pale mlangoni.

Jiweke mahali pake kidogo. Mtu wa miaka 57 aliyeingia darasani mwanzoni mwa miaka ya 1990 ameuona mtaala wa 1997, akauona wa 2005 uliokuja na umahiri, yaani mtoto apimwe kwa anachoweza kukifanya, akauona wa 2015 wa KKK, Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, kwa la kwanza na la pili, na sasa huu ulioanza Januari 2024. Kila mara aliitwa semina, mara nyingi ya siku chache, na kila mara aliyekuja kumfundisha alianza kwa kumwambia aliyokuwa akiyafanya hayafai tena. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, waliojaa madarasani walimkuta yeye. Mwongozo unasema mwalimu mmoja kwa watoto 45. Nyinyi mna 68 kwenye chumba kimoja. Kuimbisha kwake kumekuwa njia ya kuushika umati ule usimtoke mkononi. Halafu binti aliyemlisha mwezi mzima anamfutia ubao.

Kwa hiyo, kabla ya neno lolote kuhusu sauti na silabi, nenda kaombe radhi. Usimfuate ofisini wenzenu wakiwa wanasikiliza, nenda kwake jioni, baada ya alasiri, keti, uliza habari za wajukuu. Kisha sema, "Mama, siku ile nilikukosea mbele ya watoto wetu. Naomba unisamehe." Unyamaze. Neno "lakini" liache nyumbani kwako siku hiyo, hata kama unalo moyoni na hata kama ni la haki. Akikulaumu, pokea. Akisema yamekwisha, usidhani yamekwisha siku hiyo hiyo.

Na kwa kuwa ulimkosea mbele ya watoto, pengine marekebisho nayo yafanyike mbele yao. Mwombe akuruhusu uingie kwenye kipindi chake, ukae dawati la nyuma, na anapoimbisha nawe uitikie. Watoto wataona. Mtoto wa darasa la kwanza hajui mtaala ni nini, lakini anajua vizuri kabisa mwalimu gani anamdharau mwenzake.

Sasa tuje kwenye kusoma kwenyewe, maana sitaki ufikiri nakwambia uombe radhi kisha ukae kimya. Ulichokiona kwa yule mtoto wa dirishani ni kweli na ni kizito. Mtoto anayehitaji kupanda kutoka "ba" ili afike "bo" hasomi, anakumbuka wimbo. Wako watoto wengi wa namna hiyo nchini kwetu. Wanafika la tatu na la nne wakijua wimbo na mwandiko wao ukipendeza, na ukiwapa sentensi wasiyoiona kabla wanakutazama tu. Hukukosea kuumia.

Lakini nakuomba uniambie jambo moja. Unapofundisha sauti ya b, unaitamkaje? M unaweza kuinyoosha mpaka pumzi iishe. S vivyo hivyo, na n, l, f, v, z. Ila b hainyooshwi. Midomo ikifunguka tu imeshazaa irabu, na mwalimu anayejitahidi kutoa "sauti ya b" mbele ya watoto 68 hujikuta anasema "bu". Vivyo hivyo d inakuwa "du", k inakuwa "ku", t inakuwa "tu". Mtoto mtiifu anaunganisha alichosikia: bu, a, bu, a. Anakusomea "buabua", nawe unajiuliza mbona neno "baba" linamshinda. Nimekaa nyuma ya madarasa ya walimu vijana, wazuri, wenye kadi nzuri kama zako, nikasikia hili kwa masikio yangu. Waulize watoto wako kesho wakusomee "dada", "kata" na "paka", usikilize kwa makini. Kwa herufi hizi, mama yako ana jambo la kukufundisha: "ba" ikishikwa nzima, kwa mdomo mmoja, inaingia haraka kuliko ikikatwa vipande viwili ambavyo kimoja hakitamkiki.

Naye ana shimo lake. Andika ubaoni neno "mtoto". Mtoto aliyelelewa na wimbo wa silabi peke yake anazo ma, me, mi, mo, mu, na hapo hapaoni penye m iliyosimama yenyewe. Atakusomea "mutoto", au atanyamaza. Jaribu "mti", "mke", "mkonge", halafu "nchi" na "nne". Kiswahili kimejaa maneno haya. Neno "mtoto" lenyewe, neno "mtu", neno "mkono", yote yamo. Wimbo hauna mahali pa kuyaweka. Kwenye sauti zako yanakaa vizuri, kwa sababu mtoto wako anaijua m kama m.

Kuna pia suala la mzigo wa kukumbuka. Konsonanti zetu za herufi moja ni 18. Ukizizidisha kwa irabu 5 unapata silabi 90, kabla hujagusa sh, ch, ny, mb, nd, wala hujatenganisha ng ya ngoma na ng' ya ng'ombe. Mtoto anayezikariri zote moja moja kama beti ana kazi kubwa. Mtoto aliyeelewa kwamba "bo" na "mo" zinafanana mwisho, na "bo" na "bi" zinafanana mwanzo, kazi yake imepungua mno. Huo uelewa ndio unaoutafuta kwa zile kadi. Ila unaweza kupatikana ubaoni kwa mama pia, kwa kubadilisha jambo dogo sana: ile fimbo yake iache kwenda mstari ulionyooka. Iruke. Ionyeshe "bo", kisha "da", kisha "bu", kisha irudi "do". Watoto waimbe wanachoonyeshwa, wasiimbe kinachofuata. Wimbo ni ule ule, ubao ni ule ule, na yule wa dirishani atagundulika siku hiyo hiyo. Mwalimu mwenye miaka thelathini na kitu kazini ukimwomba hili kwa heshima, kama swali, ataliona haraka kuliko wewe.

Nikueleze jambo nililokuja kulielewa nikiwa nimechelewa. Katikati ya miaka ya 2000 tulipoambiwa mwanafunzi ndiye kitovu cha ujifunzaji, mimi nilikuwa mwalimu wa taaluma kwenye shule moja ya hapa Tanga. Nilisimamia madawati yote yageuzwe, watoto wakae makundi. Nusu ya watoto wakawa wameupa ubao mgongo. Katika kundi la watoto kumi na wawili, mmoja aliandika, wawili walimsaidia, na waliobaki walicheza. Tukaandika kwenye maandalio ya somo kwamba tumetumia mbinu shirikishi. Mwaka huo sikumsikiliza mtoto hata mmoja akisoma peke yake kwa zaidi ya sekunde chache, na nilijiona ninafanya vizuri. Wale watoto leo ni watu wazima, nakutana nao sokoni Ngamiani, na wapo ninaojua kabisa kwamba hawawezi kusoma risiti wanayopewa. Silisahau hilo.

Ndiyo maana barua yako imenifanya nikumbuke chuoni. Si chuo cha ualimu, chuo cha alasiri, madrasa, kwa maalim. Wengi wa watoto wako wanakwenda huko wakitoka kwako. Watu wanaosema kuimbisha ni njia ya zamani ya pwani yetu wanasahau nusu ya njia yenyewe. Ni kweli chuoni watoto wanasoma kwa pamoja mpaka mtaa mzima unasikia. Lakini kila mtoto, siku yake ikifika, huketi mbele ya maalim peke yake na kusoma pale alipofika, kidole kikiwa juu ya herufi. Akikosea, haendi mbele. Mwenzake anaweza kuwa mbele yake kwa juzuu nzima na wote wawili wako sawa, kila mmoja mahali pake. Shuleni tulichukua ile sauti ya pamoja, tukaiacha ile zamu ya peke yake, kwa sababu watoto walizidi na kipindi cha la kwanza ni dakika 30. Kwenye makundi yako nako hiyo zamu haipo. Kadi inapangwa na mtoto mwenye mkono mwepesi, wengine wanatazama.

Hiki ndicho ningependa wewe na mama mkibebe pamoja, na nadhani hakuna kati yenu atakayekikataa. Kila mtoto asikike peke yake. Mko wawili. Kila mmoja wenu akisikiliza watoto saba kwa siku, dakika moja au moja na nusu kila mtoto, wakati wenzao wanaandika, kwa siku kumi za masomo mmewamaliza wote 136. Wiki mbili tu. Chukueni daftari moja, narudia, moja, liwe la nyinyi wawili, mwandike jina, tarehe, na alichoshindwa. Mpimeni kwa silabi zilizochanganywa, kwa maneno kama "mtoto" na "baba", na kwa maneno mawili matatu mliyoyabuni yasiyo na maana, mfano "loka" au "mube", ili asikisie kwa kumbukumbu. Mkishamaliza mzunguko wa kwanza, hakutakuwa tena na haja ya kubishana njia ya nani ni bora. Daftari litawaambia mtoto gani amekwama kwenye shimo la nani.

Na huyo mama apewe nafasi ya kuwapima watoto kwa uliyowafundisha wewe, nawe uwapime kwa aliyowafundisha yeye. Itauma kidogo kwa pande zote mbili. Vumilieni.

Kuhusu fimbo nitasema wazi, kwa sababu hapa hatuzungumzii mtindo. Kanuni za viboko za mwaka 2002 zinaruhusu adhabu hiyo kwa makosa makubwa ya nidhamu, kwa idhini ya mwalimu mkuu, visizidi vinne, na iandikwe kitabuni. Kukosea kusoma si kosa la nidhamu, kwa namna yoyote. Umesema hujamwona akimpiga mtoto, nami nakuamini, basi usimtuhumu. Lakini ile kugonga mezani inamfunga mdomo mtoto mwoga, na mtoto mwoga ndiye anayejificha ndani ya wimbo. Siku mtakapokuwa mmepatana, mwambie hivyo, na umwambie kwa mfano wa yule wa dirishani, kwa sababu nina hakika naye anampenda. Ukiona siku moja ameipeleka ile fimbo mwilini mwa mtoto kwa sababu ya kusoma, hapo usingoje kupatana na mtu, nenda kwa mwalimu mkuu siku hiyo hiyo.

Mthibiti Ubora mwache afanye kazi yake. Akiingia kwa mama, aingie kwa ratiba yake, isiwe mtego uliotegwa na ofisi ya walimu. Wanaokushauri hivyo wanataka kuona mshindi, na hata ukishinda, utabaki kwenye shule ambayo mwalimu mkongwe amedhalilishwa na vijana, na wazazi wa mtaa mzima ni wanafunzi wake. Nani atakusikiliza tena kwenye kikao? Uhamisho nao, mwanangu, utakupeleka kwenye shule nyingine yenye Bi Mwalimu mwingine.

Unasema mtaala uko upande wako. Ni kweli mafunzo ya KKK yalisisitiza sauti, na sipingi. Ila mtaala unamtaka mtoto asome kwa ufahamu, na wewe na mwenzako bado hamjafika hapo, hakuna wa kuushika kama bendera.

Mwalimu mkuu wenu naye nina neno naye, kwa heshima zote. Kugawa masomo yale alikuwa na sababu zake, lakini ukimgawa mtoto mmoja wa la kwanza kati ya walimu wawili, kazi ya kwanza ni kuwaketisha hao walimu waandike azimio la kazi linalokwenda pamoja, ili mama anapoandikisha herufi fulani, nawe uwe unasomesha hiyo hiyo wiki hiyo hiyo. Kuwaambia "elewaneni" hakutoshi. Mrudie, safari hii ukiwa na mama ikiwezekana, mmwombe saa moja ya jumuiya ya ujifunzaji ya shule. Hizo jumuiya za MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, zipo kwa ajili hii hasa, walimu kukaa na kuonyeshana walichokiona darasani, na mahali pengi zimebaki kuwa saini kwenye karatasi. Kaoneni wote jinsi ile fimbo inayoruka inavyofanya kazi, na mama ndiye aionyeshe.

Yule baba aliyelalamika kunguruma, usimkasirikie. Mualike asubuhi moja. Mpe mwanawe kadi tatu, m, t, u, aone mtoto anavyozisoma. Kama mama atakubali kukaa kwenye chumba hicho siku hiyo, hata bila kusema kitu, mtaa mzima utakuwa umejua kabla ya adhuhuri.

Nakutaka usichelewe. Ni wiki tatu sasa tangu siku ya dasta, na kila siku inayopita inazidi kuwa ngumu kubisha hodi. Nenda leo kama barua hii imekufikia mapema, au kesho. Na mkishaanza daftari lenu, yule mtoto wa dirishani asisikilizwe na wewe. Mwachie mama. Mwombe tu akuruhusu usimame karibu, mwonyesheni "bo" peke yake, kisha "mbo", kisha "mboga", halafu niandikieni, wote wawili mkiweza, amesoma nini.